Mawazo Hutuliza Maumivu, Hayaui Virusi

Wako watu wa aina mbili wanaozungumzia nguvu ya fikra juu ya mwili, na wote wawili wamewaumiza wagonjwa wetu. Wa kwanza husema fikra ni kila kitu: amini, wazia, tamka, na mwili utatii. Wa pili husema fikra si chochote: kama kipimo hakikuonyesha kitu, basi huumwi. Wa kwanza utawasikia kwenye mikutano ya uponyaji, kwenye semina za mafanikio na kwenye sauti zinazosambazwa WhatsApp. Wa pili utawakuta hata zahanati, kwa mhudumu aliyechoka anayemwambia mama mtu mzima, "Wewe huna ugonjwa, nenda nyumbani."

Jambo hili lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza tiba ya Franz Anton Mesmer, daktari aliyedai kwamba miilini mwetu hupita nguvu ya sumaku isiyoonekana, na kwamba nguvu hiyo ikiongozwa vizuri huponya. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na mwanakemia Antoine Lavoisier. Huko Passy, nje kidogo ya Paris ya wakati ule, mvulana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa bustanini kukumbatia mti mmoja baada ya mwingine. Mti mmoja tu ulikuwa umetiwa hiyo sumaku. Mvulana alizimia kwenye mti wa nne, ambao haukutiwa chochote. Tume ikatoa uamuzi: sumaku ya Mesmer haipo, lakini fikra za wagonjwa zipo, na zinaweza kumwangusha mtu chini.

Uamuzi huo una pande mbili, na watu wengi hushika upande mmoja na kuuacha wa pili. Nayajibu hapa madai saba ninayoyasikia mara kwa mara, nikizishika pande zote mbili.

Dai la kwanza: "Kama yametoka kichwani, basi maumivu hayo si ya kweli."

Si sahihi, na ushahidi upo tangu mwaka 1978. Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwachunguza watu waliotoka kung'olewa magego. Baadhi yao walipewa sindano isiyo na dawa yoyote ndani yake, ile ambayo wataalamu huiita plasebo, na maumivu yao yakapungua. Wakapewa tena naloksoni, dawa inayozuia morfini isifanye kazi mwilini. Nafuu ikatoweka, maumivu yakarudi.

Tafakari maana yake. Kama nafuu ile ingekuwa ya kujidanganya tu, naloksoni isingekuwa na kitu cha kuzuia. Ilizuia kwa sababu ubongo wenyewe ulikuwa umetoa kemikali za jamii ya morfini, zinazoitwa endofini, baada ya mgonjwa kutarajia kupata nafuu. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa viungo. Walipopewa plasebo, ubongo wao ulitoa dopamini, kemikali ileile ambayo upungufu wake ndio unaoleta ugonjwa.

Kwa hiyo maumivu yanayopungua kwa matumaini ni maumivu ya kweli, na yanayozidi kwa hofu ni ya kweli vilevile. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini au figo. Mhudumu anayemwambia mgonjwa kwamba hana kitu kwa sababu tu damu yake ni safi, ameangalia damu na kusahau kiungo kinachopokea taarifa zote za maumivu.

Dai la pili: "Ukiamini kwa dhati, fikra huponya ugonjwa wowote."

Hili ndilo linaloua, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mwaka 2011 matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa pumu uliofanyika Boston yalichapishwa katika jarida la tiba la New England. Kila mgonjwa, kwa nyakati tofauti, alipata mambo manne: pampu ya pumu yenye dawa ya kweli, pampu isiyo na dawa, tiba ya sindano za Kichina za kuigiza, na mara nyingine kukaa bila tiba yoyote. Walipoulizwa wanajisikiaje, pampu yenye dawa iliwapa nafuu ya asilimia 50, pampu tupu asilimia 45, sindano za kuigiza asilimia 46, na kukaa bila tiba asilimia 21. Ukiishia hapo, utasema imani imelingana na dawa.

Lakini watafiti walipima pia kiasi cha hewa ambacho mgonjwa anaweza kupuliza kwa sekunde moja. Kwa dawa ya kweli kiasi hicho kiliongezeka kwa asilimia 20. Kwa pampu tupu, kwa sindano za kuigiza na kwa kukaa bila tiba, kiliongezeka kwa takriban asilimia 7 tu. Mgonjwa alijisikia vizuri huku mirija ya mapafu yake ikiwa bado imebana. Mtu wa pumu katika hali hiyo anaweza kulala akidhani amepona, akazidiwa usiku.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Fikra hutenda kazi kwa nguvu pale ambapo ubongo una mamlaka: maumivu, kichefuchefu, uchovu, usingizi, wasiwasi, mapigo ya moyo. Haina njia ya kuingia ndani ya chembe nyekundu ya damu ikakiua kimelea cha malaria. Haiwezi kuzuia virusi vya UKIMWI visizaliane. Haiyeyushi uvimbe wa saratani.

Sisi Watanzania tulilipa gharama ya kuusahau mpaka huo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Maelfu kwa maelfu walifunga safari, wengine kutoka Kenya na nchi nyingine za jirani, na foleni za magari zikawa ndefu kiasi cha watu kulala njiani siku kadhaa. Wapo waliofia kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini ili wawahi. Wengi walirudi wakishuhudia kwamba wamepona, na siamini kwamba walisema uongo. Walijisikia nafuu kweli, kama wale wa Boston. Ila wapo waliokuwa wakimeza ARV wakaziacha, na dawa hizo zikiachwa, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, mwenye mwili akiwa bado anajisikia mzima. Wenye sukari na presha walioacha vidonge walikuwa kwenye hatari hiyohiyo. Mfa maji haachi kutapatapa, na simlaumu mgonjwa aliyepanda gari kwenda Samunge. Ninachokipinga ni fundisho kwamba kujisikia nafuu ndiko kupona. Kupona kwa magonjwa ya namna hii huthibitishwa na kipimo.

Dai la tatu: "Aliyekufa alikata tamaa, angekuwa na moyo angeishi."

Dai hili husemwa msibani, tena kwa sauti ya kufariji, na sijui kama kuna maneno mengine yanayowajeruhi wafiwa kuliko haya. Yanamfanya marehemu kuwa mkosaji wa kifo chake mwenyewe.

Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Walitaka kujua kama hali ya moyo ya mgonjwa, yaani furaha, matumaini na utulivu wake, inabashiri ataishi muda gani. Haikubashiri. Waliokuwa na moyo mkunjufu na waliokuwa na huzuni hawakutofautiana kwa urefu wa maisha.

Hii haina maana kwamba faraja ni bure. Mgonjwa mwenye utulivu hulala vizuri zaidi, hula, huongea na wanawe, huvumilia matibabu. Hayo ni mambo makubwa yanayostahili kutafutwa kwa ajili yake mwenyewe. Lakini tusimtwishe mgonjwa wa saratani kazi ya kutabasamu ili uvimbe upungue. Ana haki ya kulia, na machozi yake hayatamfupishia maisha.

Dai la nne: "Fikra haifanyi kazi mpaka mgonjwa adanganywe."

Madaktari wengi wa zamani waliamini hivyo, na wapo waganga wanaolitumia dai hili kuhalalisha uongo wao. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake waliwachukua watu 80 wenye maradhi sugu ya tumbo, yale ya kuumwa, kujaa gesi, kuharisha au kufunga choo bila kidonda kuonekana. Kundi moja lilipewa vidonge na kuambiwa wazi kwamba havina dawa ndani yake, ila miili ya watu wengi huitikia vidonge vya namna hiyo. Kundi la pili halikupewa vidonge, ingawa lilihudumiwa kwa upole uleule. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliomeza vidonge walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wasiomeza.

Huko Turin, Italia, Fabrizio Benedetti na wenzake walionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji walipewa dawa halisi za maumivu. Baadhi walichomwa sindano na daktari aliyesimama kando ya kitanda akiwaeleza anachofanya. Wengine waliingiziwa dawa ileile na mashine, bila kujua ni saa ngapi imeingia. Dawa iliyotolewa kwa siri ilituliza maumivu kidogo kuliko ile iliyotolewa mgonjwa akiona na kusikia.

Funzo la tafiti hizi mbili ni moja: fikra haihitaji uongo, inahitaji maelezo na uangalizi. Muuguzi anayesema, "Mama, nakuchoma dawa ya maumivu, baada ya muda mfupi utaanza kusikia unafuu," amesema kweli tupu, na kweli hiyo imeiongezea dawa nguvu bila gharama.

Dai la tano: "Maneno na hofu haviwezi kumdhuru mtu mwilini."

Vinaweza, na wataalamu wana jina la madhara hayo: nosebo, ndugu mbaya wa plasebo.

London, katika Chuo cha Imperial, watafiti waliwachukua watu 60 walioacha dawa za statini za kushusha mafuta kwenye damu kwa sababu ziliwaletea maumivu na uchovu. Kwa mwaka mmoja kila mtu alipewa miezi minne ya statini, miezi minne ya vidonge vitupu na miezi minne bila kidonge, kwa mpangilio usiotabirika. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakimeza statini waliupata pia wakimeza vidonge vitupu. Maumivu yalikuwapo kweli, lakini sehemu yake kubwa ililetwa na kitendo cha kumeza kidonge wanachokiogopa. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudia dawa.

Wakati wa UVIKO-19 tulishuhudia jambo hilo kwa upana zaidi. Uchambuzi wa majaribio 12 ya chanjo, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 35 ya watu waliochomwa sindano isiyo na chanjo walilalamikia kuumwa kichwa, uchovu na mengine ya namna hiyo baada ya dozi ya kwanza. Kila ujumbe wa kutisha unaosambazwa bila uhakika unawapa watu maumivu ya kweli, na unawakosesha kinga wanayoihitaji.

Hata sentensi moja inatosha. Katika utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, wajawazito waliokuwa wakisubiri ganzi ya mgongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa watasikia kama wameumwa na nyuki mkubwa, na kwamba hapo ndipo pabaya kuliko pote. Jingine liliambiwa wanapigwa ganzi ili wakae kwa raha wakati wa kazi itakayofuata. Sindano ilikuwa ileile. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, kundi la kwanza lilitaja maumivu ya 5 na la pili ya 3. Wauguzi na wakunga wetu wangepaswa kufundishwa hili tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Dai la sita: "Wanafunzi wakianguka kwa pamoja, ni mapepo, na kama si mapepo, wanajifanya."

Tukio linalojulikana duniani kote la aina hii lilitokea kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, Bukoba, walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Wengine walihangaika huku na huko wakihofu kwamba kuna mtu anawafuata. Kwa mmoja kilidumu saa chache, kwa mwingine siku 16. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Tarehe 18 Machi shule ilifungwa, wasichana wakarudishwa makwao. Katika kijiji cha Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, watu 217 wakapatwa, wengi wao vijana. Hali hiyo ilifika pia shule ya Ramashenye.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Walitafuta vijidudu na sumu ya chakula, wasivipate. Hakuna aliyekufa. Watu wanaolisimulia tukio hili kama kichekesho hawajafikiria ukubwa wa mateso ya binti anayelia na kucheka kwa siku nyingi mbele ya wenzake.

Kwa wanaosema ni mapepo: hali hii hufuata njia za kibinadamu kabisa. Huwapata zaidi vijana wanaoishi pamoja, walio chini ya shinikizo, wasio na mahali pa kulitamka. Hupita kwa macho na masikio, kutoka kwa rafiki kwenda kwa rafiki, na umati unapokusanyika kwa kelele na maombi ya hadhara, idadi hupanda. Kwa wanaosema wanajifanya: nani angejifanya kwa siku 16? Mwili wa binti huyo umeitikia hofu ambayo hakuichagua.

La kufanya linajulikana. Kwanza, daktari ahakikishe hapana sumu wala maambukizi, maana hayo yanaweza kuwapo. Yakishakosekana, walioanguka watenganishwe na watazamaji, walazwe penye utulivu, waelezwe kwa upole kwamba itapita. Kisha walimu waulize swali gumu: shuleni kwetu kuna nini? Viboko, njaa, mitihani, mtu anayewasumbua mabwenini? Kuita wa kupunga pepo na kuondoka bila kuuliza swali hilo ni kuwaacha watoto ndani ya kile kilichowaangusha.

Dai la saba: "Wazia mafanikio, yatakujia yenyewe."

Fikra husaidia utendaji, hilo halina ubishi. Mwaka 2004 watafiti wa Cleveland, Marekani, waliripoti kwamba watu waliojizoeza kichwani tu kusukuma kidole kidogo kwa wiki 12 waliongeza nguvu ya kidole hicho kwa asilimia 35, bila kukitikisa. Waliofanya mazoezi halisi waliongeza asilimia 53. Mwanamichezo aliyevunjika mguu ana sababu nzuri ya kuendelea kufanya mazoezi akilini.

Lakini angalia walichowazia. Waliwazia kazi yenyewe, wala si medali. Huko Ujerumani, Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Baada ya miaka miwili, wale waliokuwa wakijistarehesha zaidi kwa njozi za kazi nzuri walikuwa wamepata nafasi chache na mishahara midogo zaidi. Ndoto ya mafanikio huupa moyo raha ya kufika kabla safari haijaanza, na anayejiona amefika hatembei. Kijana anayelipa kiingilio cha semina ili afundishwe kuwazia gari angefaidika zaidi kuwazia kesho asubuhi: ataamka saa ngapi, atampigia nani, ataandika barua ipi.

Neno la mwisho kwa wahusika

Kwa mhubiri na mganga: waombee watu, wape matumaini, lakini usimwambie mtu aache dawa. Ukimwambia hivyo, akafa, imani yake haina hatia. Kwa mhudumu wa afya: ulimi wako ni sehemu ya tiba, mweleze mgonjwa unachofanya, na usimfukuze anayelia kwa maumivu ambayo kipimo hakikuyaona. Kwa anayesambaza ujumbe wa kutisha kuhusu dawa au chanjo: hakikisha kwanza, kwa sababu hofu yako itaingia kwenye mwili wa mtu mwingine.

Na kwako wewe unayeumwa: sali kama unasali, tumaini, jiwazie ukiwa mzima, kaa na watu wanaokupa utulivu. Yote hayo yanafanya kazi mwilini mwako. Kisha nenda kapime, na kidonge chako ukimeze kwa wakati.